Mkate Mmoja Uliomtenga Shamso na Jirani Yake

Saa tisa alasiri. Jua la Garissa halina habari kwamba mchana unakwisha, na Shamso Alio ameinama juu ya tanuri la udongo uani kwake, mkono wa kulia umelowa maji, kiganja kimebeba donge la unga wa mahindi uliochachuka tangu jana. Anautia mkono motoni hadi kiwiko, anabandika donge ubavuni mwa tanuri, anautoa. Vinyweleo vya mkono huo viliungua zamani, kabla wengi wa wateja wake hawajazaliwa.

Mkate wenyewe huitwa muufo. Ukiula kwa mafuta ya ufuta na sukari, au kwa mchuzi wa mbuzi, utasahau shida ulizokuja nazo. Tanuri ni mtungi mkubwa wenye makaa chini, na watu wa hapa huliita tinaar.

Dakika chache baadaye anafunua kifuniko na kuutoa mkate wa kwanza kwa upawa wa chuma. Hautii kapuni. Anatoka nao hadi langoni na kumpa mtu wa kwanza anayepita, ambaye leo ni muuza maji mwenye mkokoteni wa punda.

"Bismillah, chukua," anamwambia.

Muuza maji anaupokea, anaupuliza, anacheka. "Eeddo, leo kamera ziko wapi?"

Eeddo ni shangazi, na ndivyo vijana wa mtaa wanavyomwita. Shamso anatabasamu kwa adabu na kurudi kwenye moto wake. Utani huo ameusikia mpaka haumchomi tena, au ndivyo anavyosema.

Kando ya tanuri kuna viti vinne vifupi vya miguu mitatu. Kila asubuhi anavifuta vumbi, na kila jioni vumbi huwa limerudi, kwa kuwa hakuna aliyevikalia. Imekuwa hivyo kwa miezi saba sasa.

Wakati anabandika mkate wa kumi, mwanamke mrefu mwenye shungi la kijani anapita nje ya lango, mfuko wa nyanya mkononi. Shamso anainua kichwa.

"Assalamu alaikum, Hawo."

"Wa alaikumu salaam," anajibu yule mwanamke, na hapunguzi mwendo.

Shamso anangoja mpaka viatu vya Hawo visisikike tena. "Umesikia?" anamuuliza mwandishi. "Anaijibu. Dini haimruhusu kuiacha. Lakini baada ya salamu hakuna kitu. Zamani baada ya salamu kulikuwa na masaa matatu ya maneno."

Hawo Keinan ni jirani yake wa lango la tatu, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa rafiki yake kipenzi. Walizaa mwaka mmoja, wakalea pamoja, wakafiwa na waume karibu pamoja. Mume wa Shamso, Bishar, alikuwa dereva wa lori la njia ya Mandera, na siku maiti yake ilipoletwa ni Hawo aliyewakogesha watoto, akawalisha, akawalaza kwake kwa siku arobaini. Leo watoto hao ni watu wazima. Abdow ana duka Afrika Kusini, na Faiza ni mwalimu huko Mandera. Nyumba ya vyumba vitatu imebaki na mtu mmoja wa miaka hamsini na minne na redio yake.

Kilichowatenganisha wanawake hawa ni mkate. Si ugomvi wa mpaka, si mali, si maneno ya kupelekeana. Ni mkate mmoja wa shilingi ishirini.

Mwaka jana, mashindano ya kuoka yaitwayo Tanuri la Mabingwa, yanayorushwa kwenye televisheni kutoka Nairobi, yalitangaza vipindi maalumu vya hisani. Katika vipindi hivyo hawashindani waokaji wa kawaida. Wanaingia watu mashuhuri, wengi wao hawajui hata unga unavyochekechwa, na kila mmoja anaokea jambo la hisani alilolichagua. Atakayeshinda, jambo lake hupewa shilingi milioni mbili.

Mmoja wa walioalikwa alikuwa Mohamedamin, mtangazaji wa mpira redioni, kijana aliyekulia mtaa huu huu kabla hajapata jina. Akachagua ndoto ya kikundi cha akina mama wa mtaa wao, kinachoongozwa na Hawo. Walitaka kujenga nyumba ya wajawazito karibu na zahanati, ili mwanamke anayetoka baadiya, yaani huko mbugani kwenye mifugo, aje mapema na kungoja siku zake mahali penye paa.

Haja hiyo haikubuniwa mezani. Binti wa Hawo, Nasteha, aliolewa upande wa Modogashe. Miaka mitatu iliyopita alishikwa na uchungu huko, akapakiwa kwenye lori la mbuzi, na hakufika Garissa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Sheria ya mashindano ilimruhusu kila mtu mashuhuri aje na mtu mmoja wa kwao. Mashuhuri achanganye na kukanda mwenyewe, wa kwao asimamie moto na kutoa vilivyoiva. Mohamedamin hakuuliza mara mbili. Akampigia Shamso.

"Nilimwambia, mwanangu, mimi sijawahi kuoka kwa umeme," anakumbuka. "Akaniambia, Eeddo, njoo na tanuri lako."

Akaenda nalo kweli. Analo jingine dogo, la kuhama nalo, ambalo mama yake, Sahara, alimwachia. Akalivika mablanketi mawili, akalikalisha kwenye kiti cha basi karibu na dirisha, na kondakta akadai nauli yake kama ya mtu. Hawo ndiye aliyelilipia. Hawo ndiye aliyempikia chakula cha safari, akasimama kituoni mpaka basi likavuka daraja la Tana.

Mada ya siku ile ilikuwa mkate wa kwenu. Washindani walipimiwa unga wa mikate kumi na miwili, si zaidi, na walitakiwa kuweka mezani kumi na miwili, si pungufu. Kwa kuwa tinaar ni moto wa makaa, Shamso aliwekwa nje ya hema, hatua chache kutoka mlangoni, na kamera moja ya kwake peke yake.

Mohamedamin alikanda mpaka jasho likamwingia machoni. Shamso alibandika, akafunika, akahesabu pumzi kama anavyohesabu kila siku. Akafunua. Mkate wa kwanza ukatoka mzuri, mgongo umekauka, tumbo laini. Wakati huo huo akapita askari wa mlangoni, kijana mwembamba aliyesimama juani tangu asubuhi.

"Sikufikiri," anasema Shamso, na anaugeuza mkono wake na kuutazama kama kitu alichoazimwa. "Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili. Mkate wa kwanza si wa mwenye tanuri. Unampa anayepita, ndipo ile mingine inaingia baraka. Miaka arobaini na mbili nafanya hivyo. Mkono ulitoka wenyewe. Nikamwambia, Bismillah, chukua. Akachukua, masikini. Alikuwa na njaa."

Mezani Mohamedamin alihesabu kumi na moja. Akahesabu tena.

"Eeddo, mmoja uko wapi?" akamuuliza.

"Nimempa askari."

Mohamedamin akacheka, akidhani ni mzaha. Alipouona uso wake akaacha kucheka.

Majaji walikula, na mmoja wao alisema hajawahi kula mkate kama ule. Lakini sheria ni sheria. Mkate uliopungua uliondoa alama mbili, na Mohamedamin akashindwa kwa alama moja na mwigizaji mmoja aliyekuwa akiokea makao ya watoto yatima huko Magharibi. Shamso anasisitiza kwamba hana kinyongo na mayatima. "Watoto ni watoto," anasema.

Hadi hapo ilikuwa bahati mbaya, na bahati mbaya watu husameheana. Kosa la pili ndilo lililoziba njia.

Kabla ya kuondoka Nairobi, Shamso alitia kidole gumba kwenye karatasi iliyomkataza kutoa matokeo mpaka kipindi kirushwe. Akarudi Garissa na aproni mbili na seti ya sufuria. Akina mama wakamlaki kituoni wakiuliza. Yeye akajibu, "Subirini muone."

Karatasi ilimkataza, ni kweli. Lakini hata yeye hajifichi nyuma yake. "Hawo ningemwambia. Hawo hafungui mdomo mpaka kaburini. Niliogopa tu. Kila siku nilisema, kesho. Kesho ikawa wiki sita."

Na akina mama, kwa kutojua, walikichukua kimya chake kuwa habari njema. Waliona anaficha furaha. Hawo akamleta fundi. Akapima kiwanja kwa hatua zake mwenyewe, akapigilia vigingi, akazungusha kamba mahali msingi utakapochimbwa. Jioni alikuwa akija kwenye kiti chake kando ya tanuri na kusimulia: mlango utatazama huku, choo kitakaa kule, na juu ya mlango pataandikwa jina la Nasteha.

"Nilikuwa namsikiliza huku nabandika mkate," anasema Shamso. "Nilikuwa naunguza mikate. Hawo akaniambia, abaayo, dada yangu, umezeeka, siku hizi unaunguza. Tukacheka. Wallahi nilicheka naye."

Kipindi kilirushwa Jumapili saa kumi jioni. Wanawake kumi na saba waliketi kwenye mikeka uani kwa Hawo, televisheni juu ya kreti, chai ya maziwa ya ngamia ikizunguka. Shamso aliketi ubavuni mwa Hawo, mahali pake pa siku zote.

Watu wa televisheni wanajua kazi yao. Mkate ule ulipotolewa waliupunguza mwendo, wakauwekea muziki wa kinanda, wakamwonyesha askari akiuma na kufumba macho. Kisha meza, mikate kumi na moja, na alama. Hawo alinyanyuka, akachukua kikombe cha Shamso kilichokuwa bado na chai, akaimwaga, akakiosha, akakifunika juu ya meza mdomo chini.

"Nikajua nimefukuzwa," anasema Shamso. "Hakunitukana. Angenitukana ningefurahi."

Kesho yake nchi nzima ilikuwa ikimsifu. Kipande kile kilizunguka kwenye simu kutoka Mombasa hadi Kisumu, na watu wasiomjua wakamwita mama wa roho safi, mama wa sadaka. Waandishi walikuja, wakampiga picha na upawa. Kampuni moja ya unga ilimtumia magunia manne. Aliyapeleka kwa kikundi na yakapokelewa kwa saini, bila neno. Kila sifa iliyotoka Nairobi iliongeza tofali kwenye ukuta uliokuwa ukijengwa kati ya malango mawili ya mtaa huu.

Mohamedamin, aliyepatikana kwa simu, anajilaumu. "Mimi ndiye niliyemtoa kwake," anasema. "Nilimpigia Mama Hawo kuomba radhi. Akaniambia, mwanangu, wewe huna kosa, ulikanda vizuri. Nikamwombea Eeddo msamaha. Simu ikakatika." Anasema anaendelea kutafuta wafadhili, na ni vigumu.

Hawo mwenyewe hakukataa kuzungumza. Alimkaribisha mwandishi, akamkalisha kivulini, akamtilia chai kabla hajaulizwa lolote. Ni mwanamke wa maneno machache na macho yasiyokwepa.

"Watu wanasema alitoa sadaka," anasema. "Sadaka unatoa kwa kitu chako. Mkate ule haukuwa wa Shamso. Ulikuwa wa wale wanawake wanaolala kwenye baraza za maduka na tumbo la miezi tisa."

Anapanga vikombe.

"Nasteha alikuwa na kwa mama yake hapa mjini, na bado alichelewa. Asiye na mama hapa atafikia wapi? Nilikuwa nataka nijenge tu, nipumzike. Na mkate ningemsamehe. Mkono wa Shamso naujua, umekuwa hivyo tangu nilipomfahamu. Lakini wiki sita alikaa ananiangalia napiga hatua za mlango. Ananiangalia tu."

Je, anamkosa? Hawo anatazama pembeni. "Chai yangu sasa naimwaga," anasema. "Nimezoea kupika ya watu wawili."

Kamba ya msingi bado ipo kiwanjani. Mbuzi wameitafuna sehemu mbili, na hakuna aliyeifunga upya wala aliyeing'oa.

Kwa Shamso, upweke umeingia mpaka kwenye biashara. Zamani mikate mia na ishirini ilikuwa imekwisha kabla ya adhana ya magharibi, kwa sababu akina mama waliokaa kando ya tanuri walikuwa ndio mdomo wake sokoni. Siku hizi akiuza sabini anamshukuru Mungu. Akitoa unga na makaa, anabaki na kama shilingi mia tano. Zinamtosha, anasema, maana anakula nani?

Anachokikosa ni kingine. Anakosa kuambiwa chumvi imezidi. Anakosa mtu wa kumuuliza kama mvua iliyonyesha jana kwao imefika na huku. Faiza humpigia kutoka Mandera kila Ijumaa, lakini mtandao hukatika, na mama humwambia mwanawe kwamba yuko salama na wenzake. Mara moja, bila kukusudia, alipika chai ya watu watano. Aliinywa siku mbili.

"Kuwa mjane nilikuzoea," anasema. "Ukifiwa, watu wanakuja. Hii ya sasa hawaji. Wanapita hapo, wananisalimia vizuri sana."

Radhi ameshaomba. Alimtuma imamu, akaenda mwenyewe mara mbili, akamtuma hata Dagane mwenye duka, ambaye kila mtu mtaani humsikiliza. Hawo alimjibu kila mmoja kwamba amesamehe kwa ajili ya Mungu. Kisha akarudi kwenye salamu yake. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema Waswahili, na Shamso ameacha kuyazoa.

Badala yake, tangu mwezi uliopita, amekuwa akifanya jambo ambalo hajamwambia mtu ila Jawahir, muuguzi wa zahanati. Amevitoa vitu vya Abdow na Faiza kwenye vyumba vyao. Amepaka kuta chokaa, ametundika vyandarua viwili, amemwita fundi akarekebisha feni. Amechimba choo kipya karibu, chenye mlango mpana wa mtu mwenye tumbo.

"Vyumba viwili, wanawake wanne," anasema akifungua mlango wa kwanza. Ndani kuna harufu ya chokaa na ubani. Sakafuni hakuna kitu. "Si nyumba ile aliyoipima Hawo. Haitaandikwa jina la mtu juu ya mlango. Lakini paa lipo, na zahanati iko hapo."

Shida ni kwamba wanawake wa baadiya hawamjui Shamso. Wanamjua Hawo. Wakishuka kwenye lori, jina wanalouliza ni la Hawo, na mwanamke mgeni hatalala kwa mtu ambaye Hawo hamzungumzishi. Bila Hawo, vyumba hivi ni chokaa tu.

Na wiki hii, anasema Jawahir, kuna mmoja. Ni msichana wa kutoka ng'ambo ya Modogashe, mimba ya kwanza, amebakiza kama wiki tatu. Yeye na wifi yake wanalala barazani kwa Dagane, juu ya gunia, kwa sababu kwa Hawo tayari wamelala wajawazito watatu na hapana pa kutia mguu.

Shamso anaufunga mlango wa chumba, anarudi uani, anakaa kwenye kimoja cha vile viti vifupi. Ameshaamua. Kesho akimaliza mikate ataenda lango la tatu, na safari hii haendi kuomba radhi.

Uani kwa Hawo, chini ya turubai, kuna magodoro sita ambayo kikundi kiliyanunua kwa michango yao kabla ya safari ya Nairobi. Bado yamo ndani ya plastiki, yakiingojea nyumba ile.

"Godoro ningeweza kununua," anasema Shamso. "Sitaki kununua. Nitamwambia, Hawo, kuna mtoto wa watu amelala kwenye gunia, nataka godoro. Hilo hawezi kulikataa, namjua. Na godoro lile ni kubwa, mimi mgongo wangu mbovu, yeye anajua. Atashika upande mmoja, mimi upande wa pili, tutakuja nalo mpaka hapa."

Je, kama Hawo hatasema neno njia nzima?

Shamso anachokoa kucha, unga uliokauka unadondoka.

"Asiseme. Kunyamaziwa nimezoea," anasema. "Lakini atakuwa ameingia ndani ya nyumba yangu."